Pumzi Kwanza, Neno Baadaye

Mwanga huingia kwetu kwa mlango wa mashariki, Kaneza, nao huingia umenyooka kama mwiko. Nikipepeta unga wa mtama, vumbi lake hupanda na kusimama ndani ya ule mwanga, jekundu kidogo, lisilo na haraka. Hapo ndipo nilipokufundishia. Nilikukalisha ng'ambo ya mwanga nikakwambia usiutazame mdomo wangu, litazame vumbi. Kabla sijasema, vumbi linakuja kwangu. Nikisema, linanikimbia.

Pumzi kwanza, neno baadaye.

Watu waliotusikia tukisema na mtu maneno yake palepale walidhani tunabahatisha. Hakuna kubahatisha. Mtu akitaka kulitaja jina la ng'ombe wake, kifua kinalijua kabla ya ulimi. Bega linapanda, koo linajaa, na wewe ukijaa naye kwa kiasi kilekile, neno lenu litatoka pamoja, kama maji ya mitungi miwili iliyoinamishwa na mkono mmoja.

Peke yako ulikuwa unakwama. Nalisema wazi, maana kuzungukazunguka hakujamponya mtu. Jina lako mwenyewe liligoma kwenye meno, Ka, Ka, Ka, mpaka watoto wa kisimani wakakuita Kunguru. "Kunguru, leo mama kakuazima ulimi?" Ulirudi na mtungi umejaa na uso umefungwa. Lakini ukisema nami, sauti yako juu ya yangu, hukukwama hata mara moja. Maji hayo yalikuwamo. Yalitaka tu mengine ya kwenda nayo.

Ndiyo maana tukaanza kuitwa harusini. Msemaji wa ukoo alisimama, wewe ukakaa kuliani kwake, mimi kushotoni, na kila alichosema tulikisema naye, palepale, kinywa kimoja cha watu watatu. Mzee Barandereka wa ng'ambo ya bonde aliapa kututoroka. Alianza methali akaivunja katikati, akamsifu ng'ombe akarukia mbuzi, akakohoa. Tukakohoa naye. Watu walicheka mpaka pombe ya ndizi ikamwagika vibuyuni. Akatutazama kwa zamu, akasema, safari hii bila kukimbia, "Nyie wawili, siku nikikata roho kaeni mbali, msije mkakata na mimi." Hata hayo tuliyasema naye.

Pumzi kwanza, neno baadaye. Tulikuwa na raha, mwanangu. Sikujua kwamba raha ile ilikuwa imeegemea koo moja.

Uvimbe ulianza mdogo kooni mwangu, kama harage lililokataa kushuka. Kule Bujumbura, daktari, binti wa umri wako, alizungumza kwa upole na kwa urefu. Nikamwomba aache upole aniambie. Akaweka kalamu chini. "Tukiutoa, utaondoka na kikoromeo chako. Utaishi. Hutasema." Neno hilo la mwisho nililisema naye, kwa mazoea. Yeye alishtuka. Mimi nilishtuka zaidi, maana nililisikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Na wewe ulikuwa umeposwa. Lambert alikupenda kimyakimya, kama unavyopendeka. Mama yake, Sabina, alitaka kitu kimoja tu: akazehe, maamkizi yetu ya wanawake, ya kukumbatiana na kuulizana habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, nusu kwa kusema, nusu kwa kuimba, huyu akiingiza sauti yake katika nafasi aliyoiacha yule mpaka pumzi ziishe. Binti hachukuliwi kwao kabla hajamwamkia hivyo mama mkwe. "Mkwe asiyeweza kuniamkia," alisema Sabina, "nyumba ikishika moto ataniitaje?" Hakuwa na ubaya. Ningekuwa yeye ningeuliza vilevile.

Nikakata shauri. Harusi kwanza, kisu baadaye. Siku Sabina atakapokuja nitasimama nyuma yako, nitaamkia nawe, utavuka. Koo litasubiri. Daktari alisema koo halisubiri. Nikamwambia hajui wanawake wa mlimani kwetu.

Wewe hakuna aliyekuuliza. Ulikuwa umekaa mlangoni unachagua maharage, ukauweka ungo chini, ukanigeukia.

"M-m-mama. N-nenda ukatwe."

Nilivuta pumzi niseme nawe. Uliliona vumbi, au uliliona bega langu, sijui. Ukaniwekea kiganja mdomoni.

"U-u-ukifa, n-n-nitasema na n-na nani?"

Kuku waliingia wakatoka. Jua lilihama kizingiti. Kiganja chako kilinuka udongo wa maharage, na nyuma yake nilikusikia ukimaliza peke yako.

Nikaenda.

Asubuhi ile hospitalini tuliamkiana, wewe ukingoni mwa kitanda na mimi ndani ya shuka lao la kijani. Tuliamkiana taratibu, tukauliza habari za ng'ombe ambao hatuna. Mama mmoja wa kitanda cha dirishani akavuta shuka akajifunika uso. Neno langu la mwisho lilikuwa amani, nalo lilikuwa pia lako, kwa hiyo siwezi kusema niliondoka nalo lote.

Nilirudi nikiwa na tundu shingoni na kitambaa juu yake. Nawe ukanyamaza. Si kukwama, kunyamaza. Masika yote nyumba yetu ilikuwa na wanawake wawili na hakuna sauti ya mwanamke. Baba yako akaanza kuzungumza na mbuzi. Jioni moja nilimsikia akimwomba mbuzi radhi.

Sabina alikuja mtama ukiwa umevunwa, asubuhi mapema, kabla sijamaliza kupepeta. Alisimama mlangoni, akafungua mikono, akakukumbatia, akaanza. Habari za nyumbani, mwanangu, habari za waliolala. Akakuachia nafasi. Nafasi ikakaa wazi. Niliona shingo yako ikikaza, nikaona kunguru akipanda. Ka. Ka.

Niliuangusha ungo. Unga ukafumka ukajaa mlango mzima. Nilipita nyuma ya Sabina, nikasimama mwangani, mahali ambapo ungeniona juu ya bega lake, nikafungua kitambaa.

Nikavuta pumzi. Vumbi likaja, si mdomoni. Lilikuja shingoni, likaingia pale nilipotobolewa, nami nikachezesha midomo isiyo na kitu. Na wewe, macho kwenye vumbi, ukajaa nami kwa kiasi kilekile, neno likatoka. Waliolala wameamka, mama. Ng'ombe wametoka, mama. Na kwenu, watoto wamelalaje? Likafuata jingine, na jingine. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yako ikitiririka bila yangu pamoja nayo. Ina mkwaruzo kidogo. Ni nzuri.

Sabina hakugeuka mpaka pumzi zilipokwisha. Kisha aligeuka, akaniona na unga wangu na tundu langu. Akasema polepole, "Nimeamkiwa na watu wawili. Niliyemsikia ni mmoja."

Wakakuchukua. Ndilo tulilolitaka, na nalililia bado, kwa macho tu, maana kilio changu hakina mlio.

Msimu wa kahawa Sabina alipita hapa. Hakunificha. Alisema mchana unakwama kama zamani, ukiomba chumvi chakula kinapoa, na Lambert husubiri kwa mkono mmoja shavuni, hana neno. Lakini jua likigusa mlango wao unatoka nje, unaugeukia mlima wetu, unaamkia maamkizi yote mpaka mwisho, na ulimi haugongi popote. "Tunamwachia," alisema. "Lakini anasema na nani?"

Nilimwonyesha ungo.

Maana saa hiyohiyo, jua likigusa mlango wetu, mimi huanza kupepeta, na midomo huanza yenyewe. Nilidhani ni mazoea ya uzee.

Sikusikii, Kaneza. Kati yetu kuna bonde na mto na migomba ya watu, na huenda mwanga huwahi kufika kwenu kabla ya kwetu. Pengine nakutangulia. Pengine nakuchelewa, na unasema na mtu ambaye bado hajavuta pumzi. Nasimama tu mlangoni, shingo wazi. Vumbi linapanda, jekundu kidogo. Linakuja kwangu, linafika karibu, linasimama kidogo, kama mtu anayemsubiri mwenzake kwenye kivuko.

Nasubiri nalo. Kisha naamkia.