Wenye Harusi

Kwa wiki tatu Badria na mchumba wake Twaha walikuwa wakigombania rangi ya sare za harusi yao. Badria aling'ang'ania damu ya mzee. Twaha akasema rangi hiyo inamkumbusha sketi za shule. Hatimaye wakakubaliana kijani, kila mmoja akiamini kamhurumia mwenzake, wakaingia Kariakoo kifua mbele hadi dukani kwa mzee Humoud, muuza vitambaa.

“Shikamoo, mzee. Tunataka kitambaa cha kijani, sare ya harusi ya Badria na Twaha.”

“Marahaba. Ile harusi ya Buguruni? Sare yake zambarau, mwanangu. Majora manane yameshaondoka.”

Badria akapandwa na mori. “Zambarau! Nani kachagua?”

“Wenye harusi wenyewe. Walikuja juzi, kina mama wawili na mashangazi, wakabishana hapa mpaka adhuhuri.” Mzee akashika mkasi, akawatazama kwa huruma. “Kwani nyie mmealikwa upande gani?”

Twaha akakohoa.

“Mimi wa bibi harusi,” Badria akajibu, “huyu wa bwana harusi. Tukatie zambarau.”