Kiungo cha Kitindamimba

Niseme mapema: nilikuwa na wivu, wala sikuuficha vizuri. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alikuja kwenye maabara yetu juzijuzi tu, na tayari Mkuu alikuwa anamwita "fundi". Mimi niliyezeekea mbele ya lile tanuri ananiita "wewe".

Kazi yetu ilikuwa kuunganisha shaba na kioo cha metali. Hicho si kioo cha dirishani. Ni metali iliyopoozwa haraka mno hata chembe zake zikakosa nafasi ya kujipanga. Ukiipasha moto ili ishikane na shaba, chembe zinajipanga, na zikishajipanga inavunjika kama biskuti. Mimi nilihangaika na joto, nikahangaika na mgandamizo. Yeye akaja, akatia kwenye mchanganyiko madini ya fedha, kiasi cha ncha ya kisu, akaanza kuimba.

"Ni chumvi kwenye mboga, dada," akaniambia. "Kidogo tu, lakini isipokuwepo utajua."

Nilitamani kumzaba kibao.

Mkuu alisema kiungo kitakachoshika ndicho kitakachoendelea, na mwenye nacho atakabidhiwa tanuri. Mwingine ataenda kung'arisha vipande. Na pale kwetu kuna sheria: hakuna anayefunga kipande chake mwenyewe kwenye mashine ya kuvuta, ile inayopima kama kiungo kitashika. Unafungiwa na mwenzako. Mchawi mpe mtoto akulelee, Mkuu hupenda kusema, halafu anacheka peke yake.

Mdogo wangu alinifungia changu. Alikipima kwa rula, akainama, akapima tena. Mashine ikavuta, kikaachia palepale kwenye kiungo. Nilikagua taya za mashine nikitafuta kosa lake. Kilikuwa kimenyooka sawasawa. Hilo liliniuma kuliko kule kuachia.

Zamu yangu ya kumfungia chake ikafika. Kipande kikifungwa mshazari, hata kidogo, nguvu zote zinaangukia ukingo mmoja wa kiungo, na hapo ni viungo vichache vinavyopona. Nilikifunga mshazari. Makusudi, mchana kweupe, nikiwa nimempa Mkuu mgongo.

Mashine ikavuta. Shaba ikarefuka, ikakonda, ikakatika kwa mshindo. Kiungo kilikuwa kizima.

Mdogo wangu alikitazama kipande kilivyobaki kimeinama kwenye taya, kisha akanitazama mimi. Alijua. Hata nyumbani kwa mama alikuwa hivyo, hapitwi na kitu.

"Mkuu," akasema, "dada amekifunga mshazari tuone kama kitavumilia. Mimi nisingethubutu. Naomba iandikwe kwamba jaribio hili ni lake."

Mkuu akanipa mkono. "Hapo umefanya kazi, fundi."

Jina nililolitamani miaka yote, nikagawiwa na huyu mtoto kama peremende. Nilichukua kitambaa nikaenda kung'arisha vipande, maana ningebaki pale ningelia au ningempiga, na vyote viwili angenisamehe.