Vikombe Viwili vya Unga wa Jino

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, na hadi saa tatu asubuhi ukungu ulikuwa bado umekifunika kilima cha Kibuli.

Ndani ya kliniki ya meno, nesi Victoire aliitazama taa kwa wasiwasi. Umeme ungeweza kukatika wakati wowote. Ndiyo maana Dokta Bushira alikuwa ameng'oa meno ya wagonjwa wawili kwa mfululizo: Mama Aluoch, Mkenya muuza mapazia, na Mzee Obwona, askari mstaafu kutoka Luzira. Walikaa kwenye viti viwili vilivyotenganishwa na pazia. Kila jino lilisafishwa, likasagwa peke yake kwenye mashine, kisha unga wake ukalowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Unga huo ukirudishwa kwenye pengo la mwenyewe, mfupa mpya huota humo. Bila hivyo taya husinyaa, na jino la bandia hukosa pa kushika.

Vikombe vya unga vilikaa kwenye sinia moja, cha kulia cha mama, cha kushoto cha mzee. Victoire hakuwa ameandika majina. Alijiamini.

"Sista," alisema Mama Aluoch, ulimi mzito kwa ganzi, "kabla hamjanirudishia hilo jino, tuombe. Naogopa."

Victoire hakujua kukataa maombi. Alisogeza sinia bila kuangalia, akamshika mama mikono yote miwili, akafumba macho. Aliomba mpaka akasahau yuko wapi. Hata Dokta Bushira, Mwislamu wa kuswali swala tano, aliinamisha kichwa, na nyuma ya pazia Mzee Obwona akaitikia, "Amina."

Alipofumbua macho, sinia lilikuwa kwenye meza ya nyuma. Je, alipoliweka aliligeuza? Akavuta kumbukumbu, haikuja. Unga wote ulikuwa mweupe, sawa kwa sawa.

"Nipe," alisema dokta, mkono ameunyoosha.

Mkono wa Victoire ukachukua kikombe cha kulia. Akinyamaza, nani atajua? Lakini akilini akamwona Mama Aluoch amelala na jino la mtu mwingine ndani ya taya, pengine na homa ya ini ya kuambukizwa ikimtambaa kimyakimya. Akawaza pia kibarua chake, na kodi ya chumba. Bwana, alisema moyoni, nifungue kinywa.

"Dokta, usiweke. Sijui kipi ni cha nani."

Dokta akaushusha mkono.

"Hujui?" Sauti ya dokta ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Victoire, hujui?"

Mama Aluoch alikamata mikono ya kiti. "Yaani jino la mzee yule lingeota mdomoni mwangu?"

"Mama, usitukane jino langu," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Limekula posho ya jeshi miaka mingi. Ungeamka unapiga saluti!"

Dokta alimwaga vikombe vyote viwili.

"Leo nitashona mapengo hivi hivi," alisema. "Mama, jino lako la nyuma kabisa nalo limeanza kuoza. Tukiling'oa baadaye, tunaweza kulisaga tujaze pengo hili. Mzee, wewe nitakuagizia mfupa wa ng'ombe uliotengenezwa kwa kazi hii."

"Uwe wa ng'ombe wa Ankole, dokta, wale wa pembe ndefu."

Mama Aluoch alimtazama Victoire, damu ikiwa bado pembeni mwa mdomo. "Nitarudi. Lakini kwanza uniapie, hawa wote wakisikia."

Dokta alilivuta pazia ili mzee naye aone. Victoire akasimama mbele ya kiti cha mama.

"Kuapa Bwana ametukataza, mama," alisema. "Nitaahidi."

"Basi ahidi. Kwa sauti."

"Mbele za Mungu na mbele yenu ninyi watatu: jino lako likitoka, nitaliandikia jina palepale, na macho yangu hayataliacha mpaka lirudi kwako, hata mtu akisema tuombe."