Nyumba Isiyo na Shahidi

Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, na hakuna aliyewahi kumpelekea hata shati moja. Ukipita nyuma ya nyumba yake asubuhi utakuta mashuka yametanda kambani. Adhuhuri yameanuliwa, na mengine yameshachukua nafasi yake. Watu wakajijazia wenyewe. Huyu anafulia hoteli, wakasema, kapata tenda nono, ndiyo maana nguo zetu hazitaki. Naye hakukanusha. Alikuwa mkunga wa hospitali hadi alipostaafu, na kazi ile ilimfundisha kufunga mdomo kuliko alivyofundishwa na mama yake.

Ukweli wa yale mashuka ulikuwa umelala ndani. Walikuwa wanawake walioumizwa na uzazi. Mtoto alikwama njiani, hakuna gari, hakuna daktari, na alipotoka aghlabu alitoka amekufa; mama akabaki na tundu ndani kwa ndani, mkojo ukimtoka wenyewe mchana na usiku. Madaktari wanaliita fistula na wanajua kulishona, ila bingwa wa kushona huja hospitali ile kwa msimu, na foleni yake haina mwisho. Wodi hailazi mtu anayesubiri. Makwao walishafukuzwa, au walitengwa, ambako ni kufukuzwa kwa adabu. Basi walisubiri kwa Mkunga. Waliokwisha kushonwa walirudi kwake na mipira ya mkojo mpaka kidonda kishike. Mwishowe waliondoka wakavu, wananukia sabuni, na Mkunga hakuwahi kumtaja hata mmoja wao kwa mtu yeyote.

Sasa mwenye nyumba alikuwa anaitaka nyumba yake. Tusimlaumu bure, alitoa taarifa mapema na hakupandisha sauti. Lakini mafundi walishakuja kupima kuta, na Mkunga, badala ya kuwaambia wagonjwa ukweli, aliwaambia ni ukarabati. Kila siku alitoka kutafuta nyumba nyingine. Wenye nyumba walimkaribisha vizuri, wakamsikiliza, na wakishasikia maji mengi na mashuka mengi, ghafla chumba kilikuwa kimepata mtu jana yake. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na nyumbani alikuwa anaingia anatabasamu.

Tegemeo lililobaki lilikuwa Mfuko wa Jamii. Usifikirie jumba la vioo. Zilikuwa ofisi mbili juu ya duka la misumari na mabati. Kazi ya Mfuko ilikuwa kukusanya kile ambacho watu wa pale pale waliweza kutoa, kisha kukifikisha kwa vikundi vilivyokuwa vikihangaika. Seremala alitoa siku zake za mapumziko, mwenye duka mifuko ya saruji, mwalimu kipande cha mshahara. Upande wa pili wakapata maktaba ya watoto, wakapata baiskeli za walemavu. Na mwaka ule Mfuko ulipewa kitu ambacho haukuwahi kupewa: watoto wa mfanyabiashara mmoja aliyefariki waliuachia nyumba nzima, ikabidhiwe kikundi kimoja kiitumie. Mkunga alikwenda kuichungulia getini. Aliona bomba uani, aliona mfereji wa maji machafu umejengwa vizuri, aliona madirisha mapana, akalia pale pale barabarani kama mtu aliyefiwa.

Lakini Mfuko ulikuwa na utaratibu wake, na haukuupindisha hata kwa wakubwa. Jirani kwanza, ndipo Mfuko. Kila kikundi kilikuja ukumbini na watu wake, mbele ya kadamnasi. Aliyekitolea alisimama akasema alitoa nini, aliyesaidiwa alisimama akasema alisaidiwaje. Zamani hawakuwa hivyo. Kisha wakaja jamaa na mhuri na kibao cha rangi, wakachukua msaada wa yatima, na ilipotafutwa hata pua ya yatima mmoja haikuonekana. Utaratibu ule ulikuwa wa haki, na haki wakati mwingine ina meno.

"Mama, nakuheshimu kama mamangu mzazi," Katibu wa Mfuko alimwambia Mkunga alipokwenda kuomba. Alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. "Lakini nikikuuliza unafanya nini, unaniambia unasaidia akina mama. Akina mama gani?"

"Wagonjwa."

"Wako wapi?"

"Wapo."

"Haya. Hapo mtaani nani anakusaidia? Hata aliyekupa ndoo?"

"Sijawahi kumwomba mtu."

Katibu alishusha pumzi. "Hapo ndipo ulipojikwaa, mama. Hujawahi kumwomba mtu hata mmoja, leo unawaomba wote kwa mpigo. Njoo na majirani watatu. Wakikosekana, njoo na mtu mmoja uliyemsaidia. Mmoja tu, asimame aseme. Hapo mimi nitakupigania kufa na kupona."

Mkunga alijaribu. Alimwendea fundi cherehani wa mlango wa pili, akazunguka mbuyu kwanza kwa salamu za afya, za watoto na za mvua, kisha akamwomba aje kumsemea.

"Nikaseme nini, Mama Dobi? Kwamba unatakatisha?" Fundi alicheka mpaka uzi ukamtoka mdomoni. "Wewe na tenda zako za hoteli unataka nyumba ya bure? Waachie wenye shida, dada yangu."

Angemwambia nini? Akacheka naye, akaaga.

Alikuwa na karata moja mkononi, na hakumwambia mtu. Katika kamati ya Mfuko alikaa mwanamke mmoja aliyepamba kumbi za harusi, na kwa kazi hiyo watu walimwita Mama Mapambo. Miaka mingi nyuma, kabla ya maua, kabla ya gari, alikuwa amelala kwenye nyumba ile ya mashuka, ngozi ya mapaja imechubuka, hataki kula, anaomba afe. Mkunga ndiye aliyemwogesha. Ndiye aliyemsimulia hadithi za kipuuzi usiku mpaka akapata kijiko cha uji. Siku aliyoondoka mkavu alimshika Mkunga mikono yote miwili, akamwambia, "Mama, nikikusahau Mungu anisahau." Tangu hapo walipokutana njiani walisalimiana kwa macho tu, na Mkunga aliona ni sawa. Huo ndio ulikuwa mkataba. Hakumtuma mtu kwake wala hakumpigia simu, maana kumwomba kungekuwa kama kumdai. Alijiambia kwamba Mama Mapambo akimwona amesimama peke yake, moyo wake wenyewe utamnyanyua.

Asubuhi ya mkutano aliwaaga wagonjwa kwamba anakwenda hospitali kufuata dawa. Alivaa gauni lake la kazi la zamani, lililopigwa pasi mpaka likang'aa makalioni.

Ukumbi ulijaa. Klabu ya mpira ya vijana ilikuja na nusu ya mtaa wao. Muuza matunda alisimama akasema aliwapa maji ya kunywa, mama mmoja akasema mwanawe aliacha bangi kwa sababu ya mpira ule, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka darini. Mkunga naye alipiga makofi. Walistahili, na kustahili kwao ndiko kulikomkata maini.

Akaitwa. Akasimama peke yake mbele ya watu, akaeleza kwa maneno aliyoyapima usiku kucha: anawatunza akina mama wenye maradhi ya uzazi, wanahitaji maji mengi, wanahitaji nyumba. Sauti yake ilikuwa sawasawa.

"Wamekuja?" Katibu aliuliza, na alivyouliza ilionekana alikuwa anamwombea.

"Hawakuja."

"Jirani yeyote wa mama huyu?"

Nyuma mtu alisema, "Huyo si ana dobi?" Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Basi mtu yeyote humu ndani," Katibu alisema, akinyanyua sauti, "mtu yeyote aliyewahi kupata faida kwa mama huyu. Mmoja tu. Asimame."

Mkunga aligeuza macho mezani kwa kamati. Mama Mapambo alikuwa ameinama, kidole chake kinachokonoa uzi wa kitambaa cha meza. Simama, Mkunga alimwambia kimoyomoyo. Simama mwanangu, huna haja ya kusema ugonjwa, sema tu unanijua. Uzi ukazidi kutoka. Kisha Mama Mapambo akainua uso, hakumtazama Mkunga, akamtazama Katibu, akasema kwa upole kabisa:

"Tusimsumbue mama wa watu. Kama hana shahidi, hana."

Kuna hasira inayopanda kichwani na kuna ile inayoshuka miguuni. Hii ilishuka. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Mkunga. Jina moja, kisha neno "huyu", kisha kidole kinyooke, na nyumba ilikuwa yake: bomba, mfereji, madirisha na yote. Aliwaona wanawake wake kwenye magodoro yao. Akamwona na huyu, miaka ile, anavyolia akiomba asiangaliwe.

"Mama?" Katibu aliuliza. "Unaye shahidi?"

"Sina," akasema, akakaa.

Nyumba walipewa vijana wa mpira. Mkunga aliondoka hotuba hazijaisha, akijikaza kisabuni, na alipofika kona ya kwanza ya barabara sabuni ikayeyuka. Alilia akitembea, na hakujali nani anamwona.

Nyumbani hakuwa na uongo mwingine wa kuwapa. Alikaa kwenye kigoda katikati ya magodoro akawaambia yote: mwenye nyumba, mafundi wa kupima kuta, Mfuko, shahidi aliyekosekana. Jina la Mama Mapambo tu ndilo aliloliruka. Akawaambia kwamba mwisho wa wiki watatoka, na kwamba hajui waende wapi.

Wa kwanza kuongea alikuwa Cheka, mmoja wa waliokuwa wakisubiri kushonwa. Walimbandika jina hilo kwa sababu alicheka hata akichomwa sindano, lakini safari hii hakucheka.

"Walitaka mtu mmoja?"

"Mmoja tu."

"Wa kusimama akasema, basi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mimi nilikuwa hapa nakunja mashuka."

"Ningekuanikaje mbele za watu? Nilikuwa nawasitiri."

"Nani alikuomba?" Cheka alisimama. Kitambaa alichojifunga kilikuwa kimeshalowa, hakukishughulikia. "Uliniuliza lini? Mkunga mzima wewe, leba unawaambia watu mficha uchi hazai, halafu sisi unatuficha mpaka tunakosa pa kulala!"

"Mimi nisingeweza," alisema kwa sauti ndogo yule aliyelala na mpira wa mkojo karibu na ukuta.

"Wewe ungebaki, dada, hakuna ambaye angekulazimisha. Mimi ningekwenda." Akamgeukia tena Mkunga, na sauti ikashuka, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mama, mume wangu alinijengea kibanda cha maturubai nyuma ya nyumba. Akasema ananisitiri. Wewe umenijengea cha matofali, na unanipenda, na kila siku namwomba Mungu akuzidishie. Lakini ni kibanda."

Miaka yote ile Mkunga aliwauliza kama wamekula, kama wamelala, kama kidonda kinauma. Aibu yao hakuwahi kuwauliza. Aliwakuta nayo, akaichukua akaibeba kama mali yake, na wengine huenda walishaitua zamani. Uchungu aliousikia pale haukuwa wa kunyimwa nyumba. Alilia kwa sauti, mwanamke mzima, mikono imemlegea mapajani.

"Nisamehe," akasema. "Ungesema nini? Ukumbini. Ungesema nini?"

Cheka alifuta uso kwa kiganja. Akatafuta mahali pa kusimama kati ya magodoro, akajinyoosha kama aliyeitwa mbele.

"Mimi," alianza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto, "nilishikwa na uchungu siku ya gulio, na watu wote walikuwa hawapo."

Mkono wa Mkunga ulikwenda wenyewe kufunga dirisha.

"Liache."

Akaliacha. Cheka aliendelea, alisimulia mtoto, alisimulia kibanda, alisimulia mwanamke mmoja aliyemwogesha bila kuziba pua. Nje, upande wa pili wa ukuta, cherehani ya fundi ilinyamaza katikati ya mshono. Cheka aliongeza sauti. Ukumbini, wakati huo, walikuwa wameshakunja viti.