Msinivalie Nyeupe

Opanin Agyekum alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa mzima, na hilo halikuwamo kwenye mipango ya mtu yeyote.

Siku kumi na tisa alilala Kumasi na mipira ya hewa puani, daktari akawaambia watu wa ukoo wajikaze. Nao hawakuwa wavivu, walijikaza kwelikweli. Ukuta wa mbele ulipakwa chokaa, nyasi zikafyekwa, viti vya kukodi vikawekewa oda. Kwa hiyo mzee alipoteremka kwenye teksi akiegemea fimbo yake, wanawake waliokuwa wakitwanga fufu uani waliacha michi juu. Mmoja alisema "Yesu wangu!" na mwingine akakimbia kumwita Akosua Birago.

Birago alikuwa dada yake wa pekee, tumbo moja. Alitoka jikoni akifuta mikono kwenye nguo.

"Kaka! Umerudi?"

"Ulitaka nirudi nimebebwa?"

"Haya, ulimi umepona kabla ya mapafu. Kaa chini nikuletee maji."

Alimletea maji kwenye kata, na alipoipokea, Agyekum aliona kucha za dada yake zina wekunduwekundu pembeni. Akadhani ni mawese. Alikunywa, akamwaga tone moja chini kwa ajili ya wahenga ambao walikuwa wamemkosa kidogo tu, akaenda kulala.

Asubuhi yake alikwenda chumbani kwa Birago kutafuta wembe. Nyuma ya mlango aliona majora matatu ya kitambaa kipya, yamefungwa kamba. Mtu aliyetia rangi nguo miaka hamsini hapiti kitambaa kipya bila kukishika, ni kama mlevi na kibuyu. Alichana karatasi kwa ukucha, akachungulia. Kilikuwa kitambaa cheupe chenye maua meusi.



Kwetu rangi ya msiba haichaguliwi kwa kupendeza. Nyekundu ni ya kifo kinachouma. Wanaivaa wa damu moja na wa kitanda kimoja, waliochanika ndani. Nyeusi ni ya majirani na marafiki, na wale waliokuja kwa chakula. Lakini ukifa umekula chumvi nyingi, umevuka themanini, basi watu wanakuvalia nyeupe, wanamshukuru Mungu, wanapiga muziki na kucheza. Hakuna anayelia, na anayelia sana anaulizwa ana shida gani.

Agyekum alikuwa fundi wa nyekundu. Pande zile hapakuwa na mjane aliyelia bila rangi yake mwilini. Alichemsha magome ya mti siku tatu, akaongeza unga fulani wa dukani ambao aliapa mbele ya kanisa zima kwamba hajawahi kuugusa, na nguo ikatoka na wekundu unaoshtua moyo. Alizoea kuwaona wateja wake wakiingia bandani, macho yao yameiva tayari kabla ya nguo. Na kila alipowakabidhi, alijiambia moyoni: siku yangu nami nitavaliwa hii. Hakuwahi kuoa mke aliyedumu, na hakuwa na mtoto. Alichotaka duniani ni kitu kimoja tu, kwamba siku akifa aumie mtu.

Na sasa wamemnunulia maua!

"Birago!" alipaza sauti. "Birago! Hii ni nini?"

Birago aliingia, akaona karatasi iliyochanika. Kwa mguu wake akalisukuma polepole sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, likaingia ndani zaidi.

"Kitambaa," alijibu.

"Naona ni kitambaa, mimi si kipofu. Cha nani?"

"Chako. Cha sisi kuvaa siku yako. Sasa kwa vile umeahirisha, tutakishonea mapazia."

"Nyeupe! Mnanivalia nyeupe, mcheze? Mnafurahia nini?"

"Una miaka themanini na nne, kaka. Ulitaka tuvae nini?"

Agyekum alichungulia mlangoni kama kuna mtu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wewe unajua nina mingapi."

"Mimi najua," Birago alisema. "Na nani mwingine?"

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Miaka thelathini nyuma, mkuu wa watia rangi wa mji alifariki, na desturi yao ni kwamba kigoda anakikalia aliye mkubwa kuliko wote. Mkubwa alikuwa Yaw Sarfo, fundi mzuri, mtu wa kiburi, anayecheka kwa pua. Agyekum asingeweza kuvumilia pua ile juu ya kigoda. Yeye na dada yake walizaliwa mashamba ya kakao kule Sefwi, wakaja ukooni wakiwa watu wazima, na mama yao alishazikwa. Basi alisimama kikaoni akasema kwamba alizaliwa mwaka wa tetemeko kubwa la Accra. Uongo mtupu. Alizaliwa mwaka ule askari waliporudi kutoka vitani Burma, miaka saba baadaye. Lakini nani wa kumbishia? Njia ya mwongo ni fupi, wasema wasemao. Ya Agyekum ilimfikisha kwenye kigoda, akakaa.

Na tangu siku hiyo Sarfo, aliyemzidi miaka minne, alikuwa akiteremsha nguo begani na kuvua ndara zake kila alipokuja kumsalimu, kama mdogo kwa mkubwa. Agyekum alikuwa akichelewa kumwitikia makusudi, hasa jua likiwa kali.

Sasa miaka saba ile ya kuokota ilikuwa imempandisha mpaka kwenye maua meusi. Kwa hesabu ya kweli alikuwa na sabini na saba, mtu wa nyekundu kabisa.

Kwanza alijaribu njia ya panya. Alikwenda kwa Nana Boadi, mkuu wa ukoo, mtu mnene asiyependa usumbufu.

"Nana, hivi desturi hii ya nyeupe, haiwezi kulegezwa kidogo? Kwa mtu maalumu?"

"Maalumu kama nani?"

"Kama fundi wa nyekundu, kwa mfano."

Boadi alicheka mpaka kitambi kikaruka. "Opanin, themanini na nne! Tukikuvalia nyekundu watu watasema tumekuua sisi. Nenda kapumzike, mzee wangu. Wengine wanaomba Mungu wafike ulipofika."

Wiki nzima alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila aliyemsalimu alimwambia maneno yaleyale, ashukuru Mungu, ameishi, ameshiba siku. Hata kasisi alimtembelea, akamwambia kifo chake kitakuwa sherehe. Agyekum alitamani kumpiga fimbo. Usiku wa kufa kwake aliuona wazi, ngoma zinalia, vijana wanakata viuno, Sarfo anacheka kwa pua huku akitafuna mguu wa kuku. Na hakuna hata jicho moja lililoiva.

Jumanne, siku ya kikao cha watia rangi, Birago akiwa amekwenda sokoni Mampong, Agyekum alivaa vizuri akaenda bandani. Wote walikuwapo, na Nana Boadi alikuwa amekuja kunywa tembo. Agyekum alikaa juu ya kigoda chake mara ya mwisho, kwa muda wa kumeza mate mara tatu. Kisha akasimama.

"Sikuzaliwa mwaka wa tetemeko," alisema. "Nilizaliwa mwaka wa askari wa Burma. Nina sabini na saba. Nilidanganya."

Kuni zilialika chini ya pipa. Sarfo aliweka kibuyu chini taratibu.

"Rudia," alisema.

"Umesikia."

"Nimesikia, lakini rudia. Kuna mambo matamu mtu hali mara moja."

Akarudia. Sarfo alimgeukia Boadi huku pua imeshaanza kutoa kicheko chake. "Nana, umeona? Miaka thelathini navua ndara mbele ya mdogo wangu! Nyayo zangu zimeungua kama mkate! Na yeye ameketi pale ananitazama, 'Aaa, Sarfo, nani huyo, Sarfo?' kama hanioni!"

"Kwa nini unasema leo, Opanin?" Boadi aliuliza, na sauti yake ilikuwa na huruma kidogo. "Ungekufa tu na uongo wako. Nani angekuuliza?"

"Nataka nyekundu."

"Nini?"

"Nimesema nataka nyekundu! Sijafika themanini. Ni haki yangu kuumiza watu!"

Watu walicheka, wengine walifunika nyuso kwa nguo zao wacheke kwa adabu. Lakini desturi ni desturi, na Boadi hakuwa na pa kukwepea. Alitamka mbele ya wote kwamba Agyekum akifa kabla ya themanini atavaliwa nyekundu, na kwamba kigoda ni cha Yaw Sarfo kuanzia dakika ile. Akamtoza pia kondoo wa kuwatuliza wahenga kwa uongo ule.

Sarfo alikalia kigoda, akajisogezasogeza mpaka akapata pazuri. Kisha akainyoosha fimbo yake kwenye miguu ya Agyekum.

"Vua."

Agyekum aliteremsha nguo begani, akavua ndara, akasimama kwenye udongo mwekundu wa saa saba mchana. Sarfo alitazama mbali, upande wa barabara.

"Aaa," alisema hatimaye. "Nani huyo?"

Agyekum alitoka pale bila ndara zake. Nyayo zilimwaka, lakini nakwambia, mtu yule alitembea kwa furaha. Nyekundu ilikuwa yake.

Birago aliipata habari kituo cha magari kabla hajashusha kapu lake. Kwetu habari haihitaji nauli. Aliingia uani kichwa wazi, kilemba mkononi.

"Ni kweli? Umekwenda kusema?"

"Nimesema. Na nyekundu nimepata. Nana ametamka."

"Mjinga wewe!" Birago alipiga kelele, na alikuwa hajamwita hivyo tangu utoto. "Mjinga! Unajua nimeubeba uongo wako miaka mingapi? Ulipojiongezea saba, na mimi nikapanda saba kwa siku moja, bila hata kuulizwa! Nililala na arobaini na nne, nikaamka na hamsini na moja! Yule mwalimu wa Mampong aliyekuwa ananitaka, aliposikia umri wangu alikwenda zake na baiskeli yake. Nilisema neno?"

Agyekum aliketi chini taratibu. Habari ya mwalimu alikuwa haijui kabisa.

"Sikusema. Nikanunua nyeupe, nikavumilia, ili usiingie kaburini unaitwa mwongo. Na wewe unakwenda kujianika mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya Sarfo! Kwa sababu ya rangi!"

"Wewe hujui," Agyekum alisema. "Nilitaka mmoja tu. Mmoja aumie."

Birago alimtazama kama mtu anayetafuta cha kumpiga nacho. Kisha akaingia chumbani kwake. Sauti ya sanduku la bati likiburutwa ilisikika mpaka uani. Alirudi na kitu kimekunjwa, akamrushia kifuani.

"Shika!"

Agyekum alikikunjua magotini. Kilikuwa kitambaa chekundu, kwa mtu mwenye roho nzuri ya kukiita hivyo. Upande mmoja kilifanana na fizi za mtoto, upande mwingine kilikuwa na mabaka kama ukuta uliovuja mvua. Harufu ya sufuria ya kupikia ilikuwa bado imo.

"Nani amekitia rangi hiki?"

"Mimi."

"Lini?"

"Ukiwa na mipira puani. Nilikipikia nyuma ya choo, ukoo usinione."

Agyekum aliziangalia kucha za dada yake. Hayakuwa mawese.

"Ungevaa hiki? Wote wakiwa na nyeupe?"

"Ningevaa. Wangesema nimerukwa na akili. Wangesema sijui desturi. Nana Boadi angenitoza kondoo. Ningevaa tu."

"Mbona hukuniambia? Birago, hata jana tu! Ungeniambia jana!"

"Uliniuliza? Ulikuja hapa unadai ukoo mzima ukulilie, hukuniuliza mimi mmoja."

Birago aliketi chini kizingitini na kuanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akijifuta kwa kilemba. Agyekum alimwona, na moyo wake ukauma vibaya sana. Alitaka kusema pole. Alitaka kusema habari ya mwalimu. Alikivuta kitambaa karibu na macho, akakinusa, akakilamba pembeni.

"Hukutia chumvi," alisema.

"Nini?"

"Rangi bila chumvi haishiki. Hii si nyekundu, Birago, hii ni aibu. Watu watasema nilizikwa na fundi mbovu."

"Basi kitie wewe, bwana mjuaji!"

Aliinuka. Alikwenda pekupeku mpaka kwenye banda lake dogo nyuma ya nyumba, akawasha moto chini ya pipa, akamimina magome, na mbele ya macho ya dada yake akatoa kopo la unga wa dukani akalitia lote. Birago alimfuata na bakuli la chumvi na kiti cha kukalia. Agyekum alikitumbukiza kitambaa cha msiba wake mwenyewe, akaanza kukikoroga kwa mti mrefu.

Baada ya muda Birago aliuliza, "Kimekolea?"

Mzee alikiinua kwenye mwanga, akakikagua.

"Bado," alisema, akakirudisha chini.

Alikoroga mpaka jua likaanza kuinama. Birago aliuliza tena, na tena, na kila mara jibu lilikuwa lilelile, ingawa wekundu ulishaanza kushtua moyo.