Winga wa Kushoto wa Grimsby

Kabla hajawa kocha wa Grimsby, mzee Kitwana alikuwa dereva wa lori. Alizeekea katika njia ya Walikale, njia ambayo wakati wa mvua gari huzama kwenye tope hadi tumboni na dereva akatandika mkeka chini yake akangoja jua. Vita vilipoingia Goma, watu wenye bunduki walimsimamisha karibu na rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, wakamwambia ashuke. Wakaondoka na lori. Alirudi nyumbani kwake Birere kwa miguu, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kiti.

Majirani walidhani analilia lori. Lakini aliyekuwa akimlilia, bila kutoa chozi, ni Mahamudi, mwanawe wa kiume wa pekee.

Asubuhi mabomu yalipoanza kusikika upande wa Sake, Kitwana alimkumbuka dada yake Faida, mjane aliyekaa peke yake kule Lac Vert, kwenye barabara ya Sake. Simu yake ilikuwa imezimwa. Akamgeukia Mahamudi, aliyekuwa anakunywa chai, akamwambia, "Kwenda muchukue shangazi yako." Kijana akaazima pikipiki ya jirani, akaondoka, chai ikabaki kikombeni. Kumbe Faida alikuwa ametoka kwake tangu alfajiri. Yeye na majirani zake walizunguka kwa njia za juu wakatokea Munigi, na mchana akaingia Birere, godoro kichwani, akiuliza kwa nini wote wanamtazama hivyo.

Mahamudi hakurudi. Walimtafuta hospitali zote, wakauliza kwenye makanisa na misikiti iliyojaa wakimbizi. Walichoambiwa ni kwamba barabara ile iliua vijana wengi, na kwamba waliozikwa walizikwa haraka, wengine bila mtu wa kuwataja jina. Kitwana alisikiliza, kisha akasema yeye hajaona maiti. Na asipoona maiti, nyumbani kwake hakutasomwa hitima. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha maneno aliyoyasema asubuhi ile. Hakukuwa na haja. Aliyasikia mwenyewe kila alipoona kikombe cha chai.

Binti yake Jamila, mwalimu wa shule ya msingi, alimwona babake akikonda. Alikuwa akimega ugali, anaushika mkononi mpaka unapoa, anaurudisha kwenye sahani. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na siku nzima walikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile ya mbao, kila mmoja akijifanya ana kazi. Ndipo siku moja, baada ya swala ya adhuhuri, Jamila alipochukua kompyuta ya kakake, akaiweka juu ya meza mbele ya mzee, ikiwa wazi kwenye mchezo wa mpira.

"Papa, ekipe ya Mahamudi iko nashuka. Haina mutu wa kuiongoza."

"Ekipe gani?"

"Grimsby."

"Ni wapi kule?"

"Angleterre. Ni muji ya wavuvi, kando ya bahari. Ekipe yao iko katika quatrième division, daraja ya nne."

Kitwana alikunja uso. "Na kwa nini hakuchukua Manchester?"

"Alisema na Manchester hata mimi naweza kushinda."

Mzee alikaribia kucheka. Akavuta kiti.

Ulikuwa mchezo wa kuwa kocha. Hukimbizi mpira kwa kidole. Unakabidhiwa klabu ya Uingereza, na wachezaji wake, na madeni yake, na mashabiki wake wenye midomo mirefu. Unapanga kikosi, unatafuta wachezaji wapya, unaachana na waliochoka, unajibu waandishi wa habari. Siku ya mechi unawatuma vijana wako uwanjani, halafu unakaa kuwatazama wakikimbia kwenye kioo, na mengi yatakayowapata huko hayamo tena mikononi mwako.

Kitwana hakujua kompyuta, lakini kuongoza alijua. Mahamudi alikuwa ameuweka mchezo katika Kifaransa, na Kifaransa cha vibali na vizuizi mzee alikuwa nacho cha kutosha. Alimkuta mshambuliaji mmoja amechoka kabisa, akakataa kumpanga. "Huyu ameshaisha pneu," alimwambia Jamila, kana kwamba anazungumzia tairi la lori. "Ukimubebesha tena, atapasukia njiani." Alipenda mabeki wazito, wenye subira. Timu ilipofungwa, aliinuka akatembea uani mikono nyuma, akirudi na wazo jipya. Grimsby ikaacha kushuka. Jioni moja Jamila alimkuta amemaliza ugali wote, na sahani ameisukuma pembeni ili apate nafasi ya kuweka kiwiko.

Katika mchezo ule kila mwaka, majira ya baridi yanapokwisha, shule ya soka ya klabu humletea kocha vijana wapya. Kitwana aliufikia msimu huo Ijumaa, baada ya kurudi msikitini. Alikuwa akishuka polepole kwenye majina ya Kiingereza yaliyomvunja ulimi, mara kidole chake kikasimama.

Mahamudi Kitwana. Mkongomani. Winga wa kushoto. Mguu wa kushoto.

"Jamila!" Sauti ilimtoka vibaya, kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. "Jamila, kuya uone!"

Jamila alikuja akifuta mikono, akasimama nyuma yake.

"Ni yeye," alisema mzee. "Tazama, hata mwezi aliyozaliwa. Na mguu! Mashini imejuaje mguu yake?"

"Papa, ni jeu tu, ni muchezo."

"Najua ni jeu. Mimi si mutoto." Lakini macho yake yalikuwa yameng'aa kama ya mtoto. "Mais Mungu anaweza kupitisha neno popote anapotaka."

Jamila alirudi jikoni, na Kitwana hakumwona alivyokaa chini huko, mikono magotini, sufuria ikichemka mpaka ikakauka.

Kijana wa kwenye kioo hakuwa hodari. Wasaidizi wa klabu waliandika kwamba ni mwembamba na anapoteza mipira. Kitwana akampanga hivyo hivyo, akamweka nje winga mzoefu aliyekuwa bora kuliko yeye. Mashabiki walinung'unika, viongozi wa klabu wakamwandikia kumwonya. Alijibu kwa kubofya pale palipoandikwa kwamba ana imani na vijana. Kila Jumamosi ya Grimsby alimtuma Mahamudi uwanjani, na kila kipenga cha mwisho kilipolia alimtazama kwanza yeye: amechoka kiasi gani, ameumia au hakuumia. Siku kijana alipofunga bao lake la kwanza, kwa mguu wa kushoto, chini kabisa kwenye kona, mzee alipiga kelele hivi kwamba wauza vitenge wa kibanda cha mbele walikuja mbio kuuliza kama uwanja wa ndege, uliofungwa tangu vita, umefunguliwa.

Alianza kunyoa ndevu. Alianza kutoka, kuketi na madereva wenzake wasio na magari, kucheka nao. Na kwa mtu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, akaanza kusema kwamba mtoto wake yuko hai mahali fulani. Pengine amevuka mpaka. Pengine amechukuliwa kubeba mizigo huko msituni na siku moja watamwachia. Aliulizwa amejuaje. "Nilipata alama," alisema tu.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Faida alikuja. Tangu vita alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko, na kwa kakake alikuja mara chache, kwa kuwa kila alipoingia alihisi kwamba uhai wake mwenyewe ni deni. Alikaa kwenye ukingo wa kiti bila kuvua mtandio.

"Yaya," alisema, maana ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa tangu utoto, "nimeongea na imamu. Tufanye swala ya asiyekuwepo. Tumusomee. Siwezi kumaliza mwaka hivi."

"Unamusomea nani?"

"Yaya, tafazali."

"Unamusomea mutu iko hai? Wewe ambaye alitoka juu yako, kukuchukua?"

Faida aliinamisha kichwa. Kitwana alikuwa ameshasimama. "Mimi nimeona jina yake. Nimeona mwezi yake ya kuzaliwa. Hakuna mutu wa Birere aliyekwenda kuiandika kule Angleterre! Mutoto wangu iko. Na wewe uko nataka kumuzika ili ulale muzuri."

"Papa," alisema Jamila kutoka mlangoni pa jikoni.

"Acha niongee na shangazi yako."

"Papa, ni mimi nilimuweka."

Alilazimika kurudia. Alieleza kwamba siku moja mzee alipokuwa msikitini alifungua programu ambayo Mahamudi mwenyewe aliitumia kubadilisha wachezaji, akachukua kijana mmoja asiye na maana, akampa jina, na mwezi, na mguu. Alitaka babake aendelee kula. Alidhani ataelewa mara moja, atatabasamu, basi. Halafu alipomwona vile, na mwanga ule usoni, maneno yalimkwama, na kila siku iliyopita iliyafanya kuwa mazito zaidi.

Kitwana alimtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua aliyemfungulia mlango. Hakumtukana. Aliifunga kompyuta taratibu, akaenda chumbani, akarudisha pazia. Faida alimkumbatia Jamila pale pale mlangoni na wote wawili wakalia bila sauti, ili asisikie, na bila shaka alisikia.

Siku zilizofuata nyumba ilirudi kwenye ukimya wake. Jamila alimwekea chakula, akamwondolea. Alimwomba msamaha mara nyingi kupitia pazia lile, na jibu lilikuwa kikohozi. Shule zilikuwa zimefunguliwa, akawa anaenda kufundisha watoto hesabu akiwa hasikii anachosema.

Mchana mmoja aliporudi alimkuta mezani. Kompyuta ilikuwa wazi, kikosi cha mechi ijayo kimepangwa nafasi zote isipokuwa moja, kushoto.

"Kaa," alisema mzee.

Jamila akakaa.

"Nimejaribu kumupanga. Mukono imekataa."

"Nimutoe, Papa? Naweza kumutoa saa hii, jina ikapotea."

"Hapana. Usimutoe." Alikuwa akikisugua kidole chake cha shahada kwa gumba, kidole kile alichobofyea. "Unajua kwa nini nilipenda hii jeu? Kila samedi ya Grimsby niko namutuma, na kila samedi anarudi. Anatoka jasho, anafungwa, anapigwa miguu, mais anarudi. Yule mwingine nilimutuma mara moja tu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia vibaya, kama wanaume wa umri wake waliochelewa kujifunza, pua na kinywa pamoja, na Jamila akamshika kichwa kama yeye ndiye mzazi. Alisema kwa vipande kwamba hata hakungoja kijana amalize chai. Alisema angeweza kwenda mwenyewe. Yeye ndiye aliyeijua barabara ile, kila shimo na kila kona. Alisema Faida hakuwa na kosa lolote na amemwambia maneno ambayo hayafutiki. Jamila hakumwambia kwamba si kosa lake pia. Aliona kwamba hilo halikuwa neno la siku ile.

Mzee hakuucheza mchezo ule tena. Msimu wa Grimsby ulibaki palepale, kikosi kikiwa na pengo.

Alikwenda mwenyewe kwa dada yake, akapiga magoti mlangoni kwake, jambo ambalo kaka hamfanyii mdogo wake, na Faida akamwinua kwa nguvu huku akimwambia anamwaibisha mbele ya wapangaji. Ijumaa iliyofuata watu walimsalia Mahamudi bila jeneza. Hitima ikasomwa Birere, chini ya turubai, madereva wasio na magari wakibeba mabenchi. Wakristo wa jirani walikuja wakakaa kimya nyuma, akiwemo mwenye pikipiki ile, ambaye hakuwahi kuitaja pikipiki yake.

Baada ya hapo Kitwana alitaka kwenda Lac Vert. Hakuwa ameikanyaga barabara ya Sake tangu vita. Walikwenda watatu, yeye na Faida na Jamila, kwa pikipiki mbili, na njia nzima alikaa ameinamisha uso nyuma ya mgongo wa mwenye kuendesha.

Huko waliulizia, wakaelekezwa kwa mtu anayeitwa Baharanyi, katekista, mwenye asili ya Bukavu, ambaye siku zile aliwakusanya vijana wa mtaa wakawazika waliookotwa barabarani. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Aliwapeleka nyuma ya mashamba ya maharagwe, mahali ambapo ardhi ina udongo kidogo juu ya mawe meusi ya volkano. Palikuwa na vilima vifupi vya mawe vilivyopangwa kwa mistari isiyonyooka. Vingine vilikuwa na misalaba ya vijiti. Vingi havikuwa na kitu.

"Kulikuwa kijana wa pikipiki?" aliuliza Kitwana.

"Kulikuwa vijana wa pikipiki, muzee. Si mmoja." Baharanyi alisita. "Nisikudanganye. Siwezi kukuonyesha moja nikasema ni huyu. Udongo ulikuwa kidogo na mabomu yalikuwa yanaendelea. Lakini kila mmoja tulimufunika uso na tulimuombea. Hatukujua dini, tulimuombea tu."

Kitwana akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia muda mrefu.

Kisha akavua viatu. Aliingia kati ya vilima vile, akitafuta mahali pa kukanyaga, mpaka akafika katikati. Jamila alidhani atachagua kimoja. Hakuchagua. Alifungua viganja, akaanza kusoma kwa sauti ya kusikika, akigeuka kidogo kidogo, kulia, na mbele, na kushoto, ili asimpe mgongo mmoja wao. Faida alivua viatu vyake pia, akamfuata.