Bunduki Tatu za Marehemu Mwadini

Jepkosgei wa duka la nafaka alinieleza huku akinipimia kunde: "Dada Johari, watu wanasema kaka yako leo wiki ya saba kaburini na wewe jicho kavu." Nikamwambia aongeze kikombe kimoja cha kunde. Sikukasirika. Mtu kama mimi, anayebeba maneno ya Silver Spring nzima huku Amerika, hawezi kununa siku maneno yakimpitia yeye. Na walichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa kama mkono ulioulalia vibaya, unauona ni wako, unaubonyeza, na hauna habari.

Mwadini alianguka kazini Rockville, saa nne asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi. Moyo. Tukamzika kesho yake, na mimi nikahamia kwa mkewe, Yumna, maana mtu wa eda haachwi peke yake. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hakai mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Wanawake wanaingia na kutoka na masufuria. Mlango naufungua mimi. Nimezoea nyumba iliyojaa, hiyo kazi haikunishinda.

Jumamosi hiyo ya kunde, saa saba mchana, waligonga wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Kamari, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, kule karibu na Shaw, na anakisema sawasawa kama anasoma taarifa ya habari. Wa pili Gregori, mtu wa Lubumbashi, dereva wa basi, mgongoni amebeba mfuko wa gitaa.

"Shikamoo, dada Johari," Kamari alisema. "Tumekuja kwa heshima zote. Na tumekuja na ombi."

"Marahaba. Vueni viatu, kaeni."

Kutoka chumbani Yumna akauliza, "Nani, wifi?"

"Watu wa bunduki."

Mlango wa chumbani ukasukumwa, ukabaki wazi kiasi cha kupita mkono.

Niseme mambo ya bunduki kabla mtu hajanifikiria vibaya. Kaka yangu alikuwa na mchezo. Jumapili anakwenda Virginia na watu wazima wenzake, wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba, wanavaa sare za vita vya zamani, wanaingia msituni na kupigana kwa bunduki za bandia zinazotema punje za plastiki. Ukipigwa unainua mkono, unatoka, unakunywa maji. Lakini ndani ya mchezo huo kuna ukali wa ajabu. Kifungo cha koti kikiwa cha mwaka usio wake, mtu anarudishwa nyumbani. Miaka mitatu Mwadini aliwabembeleza wacheze vita vya Bama, vile vya Mwingereza na Mjapani, na wawemo askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, waliotoka kwetu, wakiwa mstari wa mbele na majina yao, si wapagazi wa kubeba masanduku. Babu yetu Kombo alipigana Bama. Kwa Mwadini hilo lilikuwa kama sura ya pili usoni mwake. Wakakubali. Mwezi huohuo akafa.

"Gregori atasimama mahali pake," Kamari alisema. "Tunahitaji silaha moja katika zile tatu. Fomu inafungwa leo saa kumi."

"Mali ya marehemu haijagawiwa," nikamwambia. "Haitoki bila warithi kukubali. Mwenye neno la kwanza yuko chumbani."

"Wachukue zote," Yumna akasema kutoka ndani. "Mie zinanibania kabati."

"Wifi, si zote. Moja."

"Basi moja. Ile ambayo angeichukua yeye."

Nikazitoa kabatini, moja moja, nikazilaza juu ya mkeka mbele ya wageni. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Ya kwanza ya Kirusi, ina kisahani cha risasi cha mviringo kama kikaango. Kamari akaigusa kwa kidole kimoja.

"Hii Bama haikufika. Mwadini aliinunua kwa sababu ilipunguzwa bei."

"Na alirudi nayo anachekelea," Yumna akasema. "Nikamwambia kikaango ninacho."

Ya pili Tomsoni. Hiyo hata mimi niliielewa. Mbao zinang'aa, chuma cheusi, vishikio viwili. Kama samani ya mtu mwenye hela. Gregori akaipakata, akaiweka begani, uso wote ukafunguka.

"Mama Johari, hii njo bunduki. Vraiment, kweli kabisa. Hii inaniita."

"Inakuita wewe au inamwita mpiga picha?" Kamari akamwuliza.

"Kaka, wote wawili tuko."

Ya tatu Steni. Bomba la maji lililotiwa kishikio, basi. Kasha la risasi halikai chini kama kwa wenzake, linatokeza ubavuni kushoto, kama mtu ametoa kiwiko. Gregori aliitazama kama mtu aliyeletewa ugali ameagiza pilau.

"Hii imetengenezwa na fundi wa baiskeli," akasema.

Kamari hakucheka. Akatoa karatasi zake. Akaeleza kwamba picha za vikosi vya Afrika Mashariki kule Bama alizoziona zina Steni na zina Tomsoni, zote mbili, kwa hiyo yeyote angeruhusiwa kubeba yoyote. Tatizo lilikuwa kadi. Mchezaji anayesimama kama askari tu, hana maswali. Lakini mchezaji anayesimama kama mtu fulani, mwenye jina, jina linaandikwa kwenye kadi kifuani na linasomwa kwa sauti mbele ya watu kabla ya mchezo kuanza. Na huyo lazima silaha yake iwe na ushahidi. Hati, au picha, au neno la familia.

"Mwadini aliandika jina," Kamari alisema. "Kombo, koplo, wa Tanga. Aliacha wazi mahali pa silaha. Aliniambia anasubiri jibu kutoka kwa dada yake. Basi, dada, neno lako linatosha. Babu alibeba ipi?"

Nilijua hilo swali linakuja. Nililijua tangu nilipoona viatu vyao mlangoni.

Siku kumi na moja kabla hajafa, Mwadini alinipigia. Nyumbani kwangu palikuwa na wanawake tisa, biriani mezani, na kuna mwenzetu alikuwa katikati ya habari ya talaka ya mtu tunayemjua sote. Mwadini akaniuliza, "Dada, babu alisemaje juu ya bunduki yake? Wewe ndiye mwenye zile hadithi." Nikamwambia, "Nitakupigia, mdogo wangu." Nikarudi kwenye talaka. Sikumpigia. Hakuna aliyenizuia, wala sikuwa nimeugua. Siku ya kwanza nilisahau, ya pili nikakumbuka niko kwenye treni, ya tatu nikasema Ijumaa. Hivyo tu.

Zile hadithi ninazo kweli. Tuliwahi kukaa barazani kwetu Tanga, Chumbageni, umeme umekatika, mimi miaka kumi na miwili na yeye sita, na hadithi za Bama zinakwenda: mvua ya miezi mitatu, ruba shingoni, babu amejificha nyuma ya kisiki na bunduki yake. Kisiki nakiona hadi leo. Ruba nawaona. Bunduki nikiitafuta, mikono ya babu iko mitupu.

"Nipeni dakika," nikasema. "Nampigia shangazi."

Nikaingia jikoni. Tanga ilikuwa saa tatu usiku, shangazi ameshaswali Isha, hajalala. Ndiye mtoto wa babu pekee aliyebaki.

"Shangazi, babu kule Bama alibeba bunduki gani?"

"Bunduki?" Akakohoa. "Mwanangu, unapiga simu kutoka Amerika kuniuliza bunduki?"

"Ni kwa ajili ya Mwadini."

"Mungu amrehemu. Baba hakusema hata siku moja. Alirudi na blanketi la kijivu na kifua kibovu. Ukimtajia Bama anatoka nje. Mama alitukataza kuuliza."

"Alikuwa akitusimulia, shangazi. Barazani. Mambo ya kisiki, mambo ya ruba."

"Aliyekuwa akisimulia ni wewe."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Wewe, Johari. Umemkalisha mdogo wako, unamtilia chumvi mpaka macho yanamtoka. Sisi ndani tunajifunga kanga mdomoni tusicheke. Baba akipita anasimama kidogo, anakusikiliza, anaendelea na njia yake. Mimi siku moja nikamwambia, baba, huyu mtoto anakuzulia. Akasema mwache."

"Mambo yale niliyatoa wapi?"

"Nitajua wapi? Mdomo unao tangu hujang'oa meno ya utotoni. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikakata simu, nikasimama nikiangalia sinki. Nilitegemea kitu kije, hata kizunguzungu. Nikaosha vikombe viwili vilivyokuwa safi.

Nikapiga hesabu yangu, kwa utulivu, kama mtu anayechagua nyanya. Shangazi hatapanda ndege kuja Virginia. Kamari anaamini neno langu kuliko hati. Gregori anaitaka Tomsoni. Mwadini alitaka jina la babu lisomwe mbele ya watu. Sentensi moja tu: babu alisema ilikuwa Tomsoni, na mvua ilipokuwa ikinyesha aliifunika kwa blanketi. Hata blanketi ninalo, la kijivu. Hiyo sentensi ningeitoa nimelala. Nimewahi kutoa kubwa kuliko hiyo kwa sababu ya chai tu.

Nikarudi sebuleni. Kamari ameshika kalamu. Gregori amepakata Tomsoni kama mtoto.

"Babu," nikasema, "alikuwa..."

Sauti ilikuwa ileile ya barazani. Niliisikia mwenyewe, ile ya kuvuta neno ili mtu asogee karibu. Kamari akasogea karibu. Mtu mzima, mvi kwenye ndevu, ametoa macho.

"Sijui," nikasema.

"Labda shangazi—"

"Shangazi naye hajui. Babu hakumwambia mtu. Mwadini aliniuliza mimi, na mimi sikumpigia. Na hata ningempigia nisingekuwa na la kweli la kumwambia. Andika kwamba familia haijui."

Kamari akaiinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Dada, unaelewa kwamba jina halitasomwa."

"Naelewa."

"Mwadini alilipigania sana jina hili."

"Naelewa, Kamari."

Kutoka chumbani Yumna akasema, si kwa nguvu, "Alisubiri hiyo simu. Alikuwa analala na simu chini ya mto."

Gregori akaitazama Tomsoni, halafu akautazama upenyo wa mlango wa chumbani, halafu akaiweka mkekani pole pole.

"Shemeji," akasema kuelekea kule mlangoni, "bila jina yoyote ni sawa. Sema wewe tu. Nachukua gani?"

Yumna akasema, "Hiyo ya mbao betri yake imekufa. Kila Jumapili alikuwa akirudi anailaumu, mpaka naijua kuliko jirani. Ile ya bomba haikumwangusha. Chukua hiyo. Halafu ni nyepesi, nawe goti bovu."

"Nani amekuambia goti?"

"Nani hajui goti lako, Gregori?"

Kamari akaandika: Steni. Mahali pa jina akaandika: Askari. Nilimwangalia akiandika, herufi kwa herufi, mwandiko mzuri wa mwalimu. Gregori akaifunga Steni kwenye kanga niliyompa, akafunika ile ncha ya rangi ya chungwa inayowekwa ili watu wajue ni bandia, akaitia yote ndani ya mfuko wa gitaa.

"Watu weusi wawili na bunduki kwenye lifti," akasema, "hata ya plastiki, polisi hawaulizi betri. Gitaa hakuna anayeliitia polisi."

Nikawasindikiza hadi kwenye lifti. Kamari akasema nikibadili mawazo, nikikumbuka chochote, nimwandikie kabla ya saa kumi, atakuwa kwenye kompyuta. Alisema kwa upole. Lifti ikafungwa.

Nikazirudisha zile mbili kabatini, nikaingia chumbani kwa Yumna. Alikuwa amekaa kitandani, gauni jeupe la eda, nywele hazijachanwa. Akasogea, nikakaa. Saa ya ukutani ilikuwa nane na robo.

"Ungewaambia tu Tomsoni," akasema. "Nani angejua?"

"Wewe umesikia kila kitu?"

"Ukuta huu ni karatasi, wifi."

"Ungesema?"

"Nisingesema."

Simu nilikuwa nayo mapajani. Ujumbe kwa Kamari ungekuwa maneno matano: nimekumbuka, babu alibeba ile Steni. Nikaugeuza uso wa simu chini. Yumna akauangalia mkono wangu, hakuuondoa wala hakuushika.

"Alikukasirikia siku mbili," akasema. "Ya tatu akasema una wageni."

"Nilikuwa nao."

"Najua."

Mlango wa mbele uligongwa; wanawake wa Jumamosi na vyakula vyao. Kwa kawaida ningekuwa nimeshafika. Yumna akanitazama, nikatikisa kichwa. Wakagonga tena, wakaita jina langu, wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe pale koridoni, wanakisia tumekwenda wapi, mmoja anasema hospitali, mwingine anasema tumelala. Nikawasikiliza hadi sauti zikashuka na lifti. Tukakaa. Saa tisa ikafika, Yumna akaswali Alasiri, akarudi pale pale. Saa kumi kasorobo mkono wangu ukaigeuza simu, nikaiangalia, nikairudisha.

Saa kumi ikapita. Nikaenda jikoni kubandika kunde.